Filamu tano fupi kuhusu ukweli chini ya udikteta: ipi ikufae, na kwa kikao gani

Ukitafuta filamu fupi ya kuonyesha jinsi ukweli unavyoishi chini ya utawala wa kiimla, hutakosa. Zipo nyingi, na kadhaa zimebeba tuzo kubwa. Shida ni kwamba maelezo yake ya mistari miwili mitatu yanafanana: mtu mdogo, dola kubwa, kitendo cha kukataa, machozi. Ukizisoma hivyo utadhani ukichukua moja umechukua zote. Kumbe ile inayowasha mjadala kwa wanafunzi inaweza kuwaacha baridi watu waliowahi kuishi chini ya utawala kama huo, na ile inayowaliza wazee inaweza kuwapita watoto juu ya vichwa.

Nimechagua tano za kulinganisha. Makala hii ni kwa mwalimu mwenye kipindi kimoja, mratibu wa klabu ya filamu mwenye jioni moja, au kijana anayetaka kutengeneza filamu yake na hajui aanzie wapi. Onyo kabla hujaendelea: nitafichua miisho. Huwezi kuzipima filamu hizi bila kusema zinaishaje, maana zote zinabeba uzito wao kwenye dakika ya mwisho.

Vigezo

Kigezo changu cha kwanza ni kiti. Filamu inamkalisha mtazamaji upande wa nani? Watu wengi huanza kwa kupima ukatili: damu kiasi gani, mateso kiasi gani. Mimi naona hilo halisaidii sana. Filamu inayokuweka ndani ya shujaa inakupa faraja kwamba nawe ungesimama. Inayokuweka ndani ya aliyenyamaza inakunyang'anya faraja hiyo, na mjadala utakaofuata utakuwa tofauti kabisa.

Cha pili ni ukweli wenyewe. Ni wa aina gani, na umewekwa wapi: kwenye hesabu, kwenye kazi ya mikono, kwenye kumbukumbu ya familia, kwenye kipimo cha maabara, au kwenye kinywa cha mtu? Cha tatu ni namna ya kukataa na bei yake. Cha nne ni kama filamu inasema kwa fumbo au inataja mahali na tarehe. Hili linahusu usanii, lakini linahusu pia usalama wa anayeonyesha. Cha mwisho ni mambo madogo ambayo siku yenyewe hugeuka makubwa: urefu, lugha, umri wa watazamaji.

Kuhusu urefu, tuzo za Oscar huhesabu filamu fupi kuwa isiyozidi dakika 40, na shindano la filamu fupi la Cannes halipokei inayozidi dakika 15. Zote tano zinaingia kwenye kipimo cha Oscar bila shida.

Zenyewe kwa ufupi

*Two & Two* (2011) ni ya Babak Anvari, mwongozaji mzaliwa wa Iran anayefanya kazi Uingereza. Iliteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA ya filamu fupi. Inazungumzwa kwa Kiajemi na haifiki dakika 10. Wavulana wanaingia darasani, na mwalimu anawaambia kwamba kuanzia leo mbili jumlisha mbili ni tano.

*Ruka* (1965) ni ya Jiří Trnka wa Chekoslovakia, dakika 18 hivi, ya vikaragosi. Usikisomee Kiswahili kichwa hicho: ni Kicheki, na maana yake ni Mkono. Mfinyanzi mdogo anaishi na ua lake la waridi na anachotaka ni kulifinyangia chungu tu. Mkono mkubwa unabisha hodi na kumtaka afinyange sanamu ya mkono.

*Historia de un oso* (2014) ni ya Gabriel Osorio wa Chile, uhuishaji wa kompyuta usio na maneno, dakika 11 hivi. Dubu mzee ametengeneza sanduku la vikaragosi vya bati vinavyojiendesha, analipeleka barabarani, na ukimpa sarafu unachungulia ndani kuona dubu anavyonyakuliwa kwa familia yake na kupelekwa kwenye sarakasi. Mwaka 2016 ilishinda Oscar, ikawa filamu ya kwanza ya Chile kuipata.

*Pumzi* (2009) ni ya Wanuri Kahiu wa Kenya, dakika 20 na kidogo, na ilionyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010. Ni Afrika Mashariki ya wakati ujao, miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya makazi yaliyofungwa, na wenye mamlaka wanasema huko nje kumekufa. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo kutoka kwa mtu asiyejitaja.

*Čovjek koji nije mogao šutjeti* (2024), yaani Mtu Aliyeshindwa Kunyamaza, ni ya Nebojša Slijepčević wa Kroatia. Ina takriban dakika 14, na ilishinda Palme d'Or, tuzo kuu, ya filamu fupi katika tamasha la Cannes mwaka huohuo. Tarehe 27 Februari 1993 treni iliyotoka Belgrade kwenda Bar inasimamishwa Štrpci, ndani ya Bosnia. Ni wakati wa vita vya Bosnia. Wanamgambo wa Kiserbia wanapanda na kuanza kukagua vitambulisho ili kuwashusha Waislamu.

Unakaa kwenye kiti cha nani

Nianze na hiyo ya mwisho, kwa sababu hapa ndipo inapoziacha nyingine mbali. Aliyesimama kupinga kwenye treni ile alikuwa Tomo Buzov, ofisa mstaafu wa jeshi la Yugoslavia. Mwongozaji mwingine angemfanya Buzov nyota, angetuonyesha utoto wake, mke wake, na mkono ukitetemeka kabla ya kusimama. Slijepčević anafanya kinyume. Anatukalisha na abiria mwingine wa chumba hichohicho cha behewa, mtu mzima mwenye sura ya kuaminika, ambaye anamwambia kijana asiye na kitambulisho kwamba asihofu, hawatamruhusu mtu amchukue. Kisha mlango unafunguliwa, na mtu yule mwenye maneno mazuri anakosa maneno. Anayesema ni yule ambaye kamera haikuwa ikimjali sana. Ukiitazama, unagundua kwamba dakika zote zile ulikuwa umejiwekea dau kwa mtu asiye sahihi, na kwamba ulimchagua kwa kuwa alifanana na unavyojiona mwenyewe.

*Ruka* inakupa kiti kizuri kuliko vyote, na hapo ndipo penye hatari yake. Kila anayeitazama anajiona mfinyanzi. Sijapata kusikia mtu akitoka humo na kusema, mimi nilikuwa kidole cha ule mkono. Hata ofisa anayezuia vitabu vya wenzake anaweza kuilia filamu hii kwa moyo safi kabisa. Silihesabu kama kosa la Trnka, lakini ukiionyesha kwa watu wenye madaraka, jitayarishe kuuliza swali hilo wewe, maana filamu haitakuulizia.

*Two & Two* inakukalisha kwenye benchi la darasa. Kwanza unadhani unamfuata kijana jasiri, kisha kijana jasiri anaondolewa, na unabaki na wenzake waliokuwa wakiangalia. *Historia de un oso* inakupa kiti cha mtoto anayechungulia kwenye tundu na kuona kisa cha watu wazima bila kuambiwa ni kisa cha nani. *Pumzi* nayo ina jambo ambalo wengi hulipita: Asha si mpinzani. Ana kazi rasmi, ana ofisi, anaishi vizuri kadiri mfumo unavyoruhusu. Ni mtumishi wa mfumo uleule anayekutana na kitu kisicholingana na taarifa rasmi. Kwa mtazamaji aliyeajiriwa, hicho ndicho kiti kinachomkaa sawasawa.

Ukweli umewekwa wapi

Nguvu ya *Two & Two* ni kwamba imechagua ukweli usiobishaniwa. Hakuna atakayesema hayo ni maoni yako. Hesabu hiyo ina historia ndefu: wengi wanaijua kutoka kwa George Orwell, aliyeitumia katika riwaya yake ya 1949, lakini kabla yake, mwaka 1931, bango la Kisovieti lilitangaza kwa fahari kwamba 2 + 2, ukiongeza ari ya wafanyakazi, ni 5, likimaanisha mpango wa miaka mitano utamalizwa kwa minne. Yaani utawala wenyewe ulijivunia hesabu hiyo kabla mtu yeyote hajaugeuzia kibao. Ukiwaonyesha wanafunzi filamu hii, watajie bango hilo.

Udhaifu wake unatoka mlemle. Uongo wa kidikteta ni nadra kuwa safi hivyo. Watawala hawagombani na jedwali la kuzidisha. Wanagombana na idadi ya kura, na nani amezikwa wapi, na mgonjwa gani alikufa kwa ugonjwa gani. Mwanafunzi anaweza kutoka akiamini kwamba uongo wa dola utakuja umeandikwa ubaoni, mkubwa, wa kuonekana na kila mtu.

*Pumzi* iko karibu zaidi na uongo tunaoujua. Asha anapima ule udongo, na kipimo kinaonyesha una maji na hauna mionzi. Wenye mamlaka hawamwambii kipimo ni kibovu. Wanamwambia tu kwamba nje hakuna uhai, kwa hiyo hakuna la kuchunguza, na ruhusa ya kutoka haitatolewa. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka takwimu zisizotakiwa kwa mkubwa wake atayatambua mazungumzo hayo. Halafu kuna ile sehemu ya ndoto: Asha anasinzia mezani na kuuona mti, na mashine inatambua kwamba ameota na kumwagiza ameze vidonge vya kuzuia ndoto. Hakuna askari wala kelele. Kidonge kinatosha.

Kwa *Ruka* ukweli ni kazi. Chungu kilichofinyangwa vizuri kwa ajili ya waridi ni kweli. Sanamu ya mkono ni uongo hata ikifinyangwa kwa ustadi uleule. Ni wazo zuri kwa wasanii, na kwa mtu asiye msanii linaweza kuwa jembamba.

Kwenye treni ya Štrpci ukweli haujafichwa hata kidogo. Kila abiria anajua wale wanaoshushwa wanashushwa kwa nini. Wala hawahitaji gazeti huru au ushahidi wa siri. Hili linaifanya filamu hiyo kuwa jibu kwa nyingine nne: zile zinadhani tatizo ni watu kutoujua ukweli, hii inaonyesha behewa zima linaloujua na kutazama dirishani.

Lakini kwa swali hili la ukweli, inayonisumbua zaidi ni ya dubu. Ndani ya sanduku la bati, dubu anatoroka sarakasi, anarudi, na mwisho anakutana tena na mkewe na mtoto. Mtoto aliyechungulia anaondoka na furaha. Nje ya sanduku, dubu mzee anaishi peke yake. Je, amemdanganya mtoto? Babu yake Osorio, Leopoldo, alifungwa baada ya mapinduzi ya tarehe 11 Septemba 1973 yaliyomweka Pinochet madarakani, kisha akaishi uhamishoni, na kisa chake ndicho kilichozaa filamu. Kwa hiyo mjukuu naye amefanya alichofanya dubu: amechukua jela na uhamisho akavigeuza sarakasi na vikaragosi ili viweze kutazamwa. Nimewahi kubadili mawazo zaidi ya mara moja kuhusu jambo hili. Kuna siku naona mwisho ule wa bati ni uongo wa huruma unaowasaidia zaidi waliotenda kuliko waliotendwa. Siku nyingine naona aliyepoteza kila kitu ana haki ya kuchagua anachokumbuka mbele ya watu. Filamu ya dakika 11 inayoweza kukuacha na ubishi wa namna hiyo si ya kuiita katuni ya watoto.

Kukataa, na bei yake

Waswahili husema mkono usioweza kuukata, ubusu. *Ruka* ni filamu kuhusu mtu anayekataa kuubusu, na ule mkono haumjii na rungu kwanza. Unamjia na glavu safi na ishara za adabu. Unapiga simu. Unaleta televisheni inayoonyesha mikono mashuhuri ya kutukuzwa. Unaleta fedha. Vitisho vinakuja vitamu vyote vikishindwa, na hatua hizo zimepangwa vizuri kiasi kwamba unaweza kusimamisha filamu kila moja inapoisha na kuuliza: hapa ungekubali? Kisha inafika nukta ninayoiona kuwa kilele cha ufundi wa Trnka. Tangu mwanzo kikaragosi kimekuwa kikitembea bila nyuzi, kama vikaragosi vyote vya filamu za aina hii vinavyopigwa picha mojamoja. Ule mkono unapomkamata, unamfunga nyuzi. Kwa mara ya kwanza tunamwona akichezeshwa kama kikaragosi cha jukwaani, akichonga sanamu asiyoitaka ndani ya kizimba. Hakuna neno lililosemwa na huhitaji lolote.

Anatoroka, anajifungia nyumbani, na anauawa na chungu chake mwenyewe kinachomwangukia kichwani. Ule mkono unamfanyia mazishi ya heshima na kumpa nishani. Trnka alifariki Desemba 1969, mwaka mmoja na ushei baada ya vifaru vya Mkataba wa Warsaw, umoja wa kijeshi ulioongozwa na Wasovieti, kuingia Prague. Baadaye filamu yake ilipigwa marufuku nchini mwake, ikarudi utawala ule ulipoanguka mwaka 1989.

*Two & Two* inaweka aina mbili za kukataa kwa mpigo. Kijana wa kwanza anasema nne kwa sauti, anaitwa ubaoni, wanafunzi wakubwa wenye vitambaa vyekundu mikononi wananyoosha mikono kana kwamba wameshika bunduki, na ingawa bunduki hazionekani, damu inaruka ubaoni kweli. Wengine wanaambiwa waandike tano. Kamera inamwendea mvulana mmoja. Anaandika tano, anatulia, anaikata, anaandika nne. Funika kombe mwanaharamu apite, wengine watasema, na wataona huo ni ujanja wa kuishi. Wengine watasema penseli iliyojificha ndani ya daftari haijamsaidia aliyekufa. Ukiwa na kikundi cha vijana, acha wabishane hapo na usiharakishe kuwapa jibu.

*Pumzi* inalipa bei kwa maji. Katika makazi yale hata jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, kwa hiyo Asha anapoupanda mche jangwani na kuumwagia maji yake ya mwisho, mtazamaji anajua thamani ya kila tone. Pia ndiyo filamu pekee kati ya hizi ambamo kukataa kunapita mikononi mwa mtu wa pili kwa uwazi: mwanamke anayefanya usafi, ambaye hakuna anayemtazama, ndiye anayemsaidia Asha kutoka. Ningependa apewe muda zaidi.

Buzov aliuawa pamoja na waliokuwa wameshushwa, wengi wao Waislamu. Mabaki ya wengi hayajapatikana hadi leo. Filamu haituonyeshi mauaji. Inabaki ndani ya treni, na treni inaendelea na safari. Dubu, kwa upande wake, hagombani na mtu. Alishaokoka, na kukataa kwake ni kusimulia tu. Kuna watakaosema huo si upinzani. Mimi sikubaliani nao, ila nakiri kwamba ukitaka filamu ya kuwasha moto, hii si hiyo.

Fumbo au jina

Nne kati ya tano zinasema kwa fumbo. Fumbo lina faida mbili. Linavuka mipaka kirahisi, na linamwachia mwonyeshaji mlango wa nyuma: hii ni hadithi ya mfinyanzi tu, mheshimiwa. Lakini mlango huo usiutegemee mno. *Ruka* ilitengenezwa katika studio za serikali yenyewe, ikaonyeshwa, na bado siku ilifika ikatambuliwa. Wenye mkono huujua mkono wao.

Hasara ya fumbo ni kupoteza waliotendwa. Asiyejua lolote kuhusu Chile ya 1973 anaweza kuitazama ya dubu na kutoka akilaani sarakasi zinazotesa wanyama. Ukiionyesha, tenga dakika tano za historia, baada ya filamu wala si kabla. Ya treni ina shida iliyo kinyume: ina tarehe, stesheni na jina, kwa hiyo inahitaji maelezo kabla, la sivyo watu watatumia nusu ya filamu wakijiuliza ni vita gani hivi. Na nitaje wazi kwamba ndani yake hakuna dikteta wala ofisi ya serikali. Kuna wanamgambo, na dola isiyoonekana nyuma yao. Kama mada yako ni sheria, mahakama na polisi wa siri, haitakutosha.

Utauliza, kwa nini sikuweka filamu ya hali halisi? Kwa sababu hiyo ni makala nyingine. Kundi la Abounaddara la Syria, ambalo wanachama wake hawakujitaja majina, lilikuwa likitoa filamu fupi kila Ijumaa tangu 2011, na haiwezekani kuchagua moja na kuiacha iwakilishe zote. Wala usidhani picha halisi haziguswi. Filamu ya Alain Resnais ya 1956 kuhusu kambi za Wanazi, dakika 32, ililazimishwa na wadhibiti wa Ufaransa kuficha kofia ya askari wa Kifaransa aliyeonekana akilinda kambi ya Pithiviers, ndani ya Ufaransa. Kofia moja tu, kwenye picha moja, lakini ilisema nani alishirikiana na nani.

Urefu, lugha, umri

*Ruka* na ya dubu hazihitaji tafsiri, na hilo linaokoa mengi kama kikundi chako kina lugha tofauti au wasiosoma haraka. *Pumzi* ni ya Kiingereza, tena yenye maneno machache. *Two & Two* na ya treni zinategemea maandishi ya tafsiri chini ya skrini; kwenye ya treni yanapita haraka, na skrini ikiwa ndogo waliokaa nyuma watakosa ile ahadi ambayo filamu nzima inaegemea. *Two & Two* ina mauaji ya mtoto. Sitaionyesha kwa walio chini ya miaka 13. Ya dubu inawafaa hata wadogo zaidi, ingawa watu wazima ndio wanaotoka nayo wamenyamaza.

Kulingana na hali yako

Kama una kipindi kimoja cha shule na vijana wasioijua mada, chukua *Two & Two*. Ni fupi, haihitaji utangulizi, na unaweza kuionyesha mara mbili: ya pili wakimtazama mvulana wa mwisho tangu dakika ya kwanza. Ongeza lile bango la 1931 ili wasidhani ni ndoto ya mtunzi.

Kama kikundi chako ni cha wasanii, waandishi wa habari au watu wanaolipwa na wenye nguvu, *Ruka* itawagusa pale penye mfuko. Simamisha kila ule mkono unapobadili mbinu. Kama ni watumishi wa umma, wahandisi, wauguzi, watu wa takwimu, nenda na *Pumzi*, na usiwaache waijadili kama filamu ya mazingira peke yake. Ni ya mazingira, lakini swali lake kubwa ni nani anaruhusiwa kutoka nje kwenda kuthibitisha.

Mbele ya watu waliopitia jela, uhamisho au kupotelewa, chagua ya dubu, au usionyeshe kitu. Wao hawahitaji kufundishwa ukatili, na filamu zenye bunduki zinaweza kuwarudisha walikotoka bila kuwauliza. Wape nafasi ya kusema kama wangeubadilisha ule mwisho wa bati.

Kwa kikao cha watu wazima waliokomaa, wenye muda wa kukaa saa moja baada ya filamu, wape ya treni. Usiionyeshe kwa kikundi kinachotaka kutiwa moyo jioni hiyo, haitawatia moyo.

Kama unaishi mahali ambapo kuonyesha chochote cha namna hii kunaweza kukuletea wageni, anza na dubu kabla ya *Ruka*, onyesha kwa watu unaowajua, na usiandike kwenye tangazo kwamba ni filamu ya siasa.

Anayetaka kutengeneza yake na hana fedha ajifunze kwa Anvari: chumba kimoja, ubao, wavulana, sauti ya bunduki isiyoonekana. Mwenye uvumilivu wa miezi na mikono mizuri ajifunze kwa Trnka. *Pumzi* usiiige kabla hujapata watu wa kukujengea ulimwengu mzima, kwa sababu makazi yale yasingeaminika, hata kisa kisingeaminika.

Na kama una nafasi ya mbili, ningeweka *Two & Two* kwanza na ya treni baadaye. Ukizigeuza, watazamaji watamtumia kijana wa ubaoni kujisafisha na aibu ya behewa, na watarudi nyumbani wakiwa mashujaa wote.